Rundo Lisilotoa Mvuke

Kila alfajiri marundo hupumua. Mvuke hutoka migongoni mwake taratibu, mweupe, ukasimama juu yake kama mtu aliyeamka asijue aelekee wapi. Na lau mgeni angepita nje ya ukuta saa hiyo, akachungulia penye tofali lililovunjika, angerudi kwake mbio akilitaja jina la Mola wake. Bi Mkono hakuwa mgeni. Kwa miaka kumi na mmoja ndiye aliyetangulia kufungua lango la uwanja ule wa mboji, na marundo aliyajua kwa pumzi zake. La kwanza lilitoa mvuke mwembamba, kwa kuwa lilikwisha zeeka likatulia. La pili na la tatu yalifuka kama vyungu vilivyofunikwa vibaya. La nne halikutoa kitu. Lilikaa mwisho wa safu, karibu na ukuta, kubwa kuliko yote, jeusi, limelowa, kimya.

Jina la Bi Mkono hakupewa na wazazi wake. Alilipata kiwandani, kwenye tanuri la kuni, alikooka mikate tangu ujana wake hadi nywele zilipoanza kugeuka. Tanuri lile halikuwa na kipimo chochote. Mwenye kulisimamia aliuingiza mkono mtupu mdomoni mwa tanuri akahesabu: akishindwa kuvumilia kabla ya sita, mkate utaungua, akivuka kumi na tano, utabaki mbichi katikati, akishindwa kwenye kumi, basi mkate uingie. Wenzake walihesabu kwa sauti wakikunja nyuso. Yeye aliuingiza mkono, akautoa, akasema neno moja, na neno lake halikuwahi kurudi. Mwenye tanuri alipofariki na warithi wake kuliuza jengo, Bi Mkono alitoka pale mjane, mwenye mtoto mmoja wa kiume na mkono huo wa kulia. Hakuwa na mali nyingine.

Wakati huo kamati ya mtaa ilikuwa imechoshwa na shimo la taka lililokuwa likifurika kila mvua. Wakaazimia kwamba taka za majumbani zichambuliwe papo hapo mtaani, na kinachooza kigeuzwe mboji. Ndoo zililetwa zikiwa na kila kitu ndani yake: maganda, makombo, majivu, nywele, betri, vidonge vilivyopitwa na wakati, vioo vya taa, na vifurushi vya uchafu wa chooni ambavyo mwenyewe alivifunga mara tatu kwa aibu. Bi Mkono alivimwaga juu ya meza ndefu ya bati, akavaa glovu nene, akachambua. Kioo kando, betri kando, dawa na sindano ndani ya dumu lenye kifuniko, plastiki kwenye gunia. Vilivyokuwa na sura ya mtu aliviweka rafuni nyuma ya mlango wa kibanda, endapo mwenyewe atavifuata: picha za harusi, wanasesere wasio na macho, na meno ya bandia ya juu, kamili, yaliyokuwa yakimcheka kila aingiaye. Miaka minne hayakufuatwa.

Vilivyobaki vilijengwa rundo, na sheria ya rundo Bi Mkono aliishika kama anavyoishika ibada. Tumbo la rundo sharti liwake moto mkali kwa majuma mawili, na katika majuma hayo ligeuzwe mara tano, ili kilichokuwa nje kiingie ndani na kila chembe ionje moto ule. Moto huo hauwashwi kwa kuni. Huzaliwa na uozo wenyewe, kwa hekima ya Aliyeviumba viumbe vidogo visivyoonekana. Ndio unaoua vijidudu vya maradhi, mayai ya minyoo na mbegu za magugu. Rundo lisilowaka ni uchafu uliobadilika rangi tu.

Naye aliupima moto huo kwa mtaimbo. Aliuchoma katika tumbo la rundo, akauacha kwa muda wa kuchemsha birika, akauchomoa, akauweka juu ya mgongo wa mkono wake wa kulia. Kisha akasema, "Bado," au, "Linawaka."

Afisa wa afya, mtu mwembamba ambaye mtaa wote ulimwita Bwana Sabuni, alimletea siku moja kipimajoto chenye mguu mrefu wa chuma na sura ya duara kama saa.

"Mama, hiki hakichoki wala hakizeeki," alimwambia.

"Na mimi nimekwambia nimezeeka?"

"Sijasema hivyo."

"Umekisifu kijiti huku unaniangalia mimi."

Bwana Sabuni alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nisikilize vizuri. Bustani ya shule ya watoto wadogo inachukua mboji hapa. Watoto wale wanang'oa karoti, wanaifuta kwenye shati, wanakula. Siku watakapopata mboji mbichi, lango hili nitalifunga mwenyewe, tena sitauliza kosa la nani. Nyuzi hamsini na tano au zaidi. Soma hapa."

Bi Mkono alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akakitundika msumarini kando ya meno ya bandia.

Rundo la nne lilijengwa katika juma la mvua. Ndoo zilifika zimejaa maji, majani makavu yalikuwa yamekwisha, na maranda ya seremala yaliyozoea kuchanganywa ili rundo lipate hewa hayakuja. Bi Mkono na shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, aliyekuwa mgeuzaji wa marundo, walilijenga hivyo hivyo, tope juu ya tope. Siku ya tatu alichoma mtaimbo, akasubiri, akauchomoa. Chuma kilimuunguza hata akautupa chini.

"Linawaka!" alisema. "Sijaona rundo kama hili. Kama mlango wa tanuri."

Shemeji aliuokota mtaimbo, akaushika, akaugeuzageuza. "Mbona mimi naona baridi?"

"Viganja vyako hivyo? Vimeshakuwa nyayo. Ukishikwa mkono mtu anadhani umemkanyaga."

"Haya, viganja vyangu ni nyayo. Lakini halitoi mvuke, shemeji. Tazama wenzake."

"Limefumba mdomo. Watu wa namna hiyo wapo; nje kimya, ndani wanateketea."

Shemeji alikwenda kibandani, akarudi na kipimajoto, akakichoma. Mshale ulipanda kidogo, ukasimama kwenye thelathini na nne. Alimwonyesha.

"Kimekufa hicho," alisema Bi Mkono. "Kimekaa na meno ya watu mpaka kimeharibika. Kirudishe."

Shemeji alikirudisha. Alikuwa mtu mpole, na ulimi wa shemeji yake aliuogopa kuliko mzigo wowote.

Hata hivyo, tangu siku ile Bi Mkono aliingiwa na hofu ambayo hakumweleza mtu. Kila walipoligeuza, mtaimbo ulizidi kuunguza, na rundo lilizidi kunyamaza. Mara ya tano, uma wa shemeji ulipolipasua tumbo, hapakutoka hata uzi mmoja wa moshi. Ilitoka harufu chachu, kama ya chumba kilichofungwa na mtu ndani. Ukurasa wa gazeti ulitokea, maandishi yake yanasomeka. Kisha likatokea boga zima, halikuoza popote, ganda lake linang'aa kwa unyevu, limekaa pale gizani majuma mawili kana kwamba limetoka shambani jana.

Shemeji alilibonyeza kwa kidole; halikubonyea.

"Hili halijaguswa," alisema shemeji polepole.

"Lilikuwa pembeni. Lipasue, ulirudishe katikati."

Nyumbani nako mambo hayakuwa sawa. Kikombe cha maji alichokiacha dirishani kilimchoma vidole. Shuka lililoanikwa kivulini lilikuwa na joto, kama mtu aliyelilalia ameondoka punde. Akawaza, na wazo lenyewe likamsimamisha nywele, kwamba rundo lile linamfuata. Kwamba kilichomo ndani yake, kwa kukosa kutoka kwa njia ya mvuke, kimetafuta njia nyingine ya kutoka. Alisoma dua alizofundishwa utotoni, akauweka mkono chini ya mto. Mto nao ukawaka.

Zilipotimia siku, alisema neno lake: "Limeiva." Rundo likaachwa lipumzike miezi miwili, likachekechwa, likapakiwa mkokotenini, na mboji yote ikaenda kwenye bustani ya shule ya watoto. Mwenye bustani ile, ambaye pia ndiye mpishi wa shule, alikuwa mkamwana wake, mke wa yule mwanawe mmoja. Na miongoni mwa watoto wale alikuwamo mjukuu wake wa kike, mwenye miaka minne.

Miezi miwili na nusu ilipita. Asubuhi moja mkamwana alileta ndoo ya maganda kutoka jikoni, akaitua, akajifuta jasho.

"Mama, sema kweli. Wewe huja bustanini kwangu nikiwa sipo?"

"Nije kufanya nini?"

"Kupanda. Nimepanda karoti peke yake, mistari sita. Sasa nyanya zimeota. Pilipili zimeota. Nang'oa Jumatatu, Alhamisi vimerudi. Mipapai minane imesimama pamoja kama inanisubiri niseme kitu. Mfagiaji hapiti tena pale mchana. Anasema bustani imepata mwenyewe, na sisi tunaoingia ndio wageni." Akacheka. "Mimi nimemwambia, mwenyewe huyo akitaka kutulimia bure, karibu. Kesho tunavuna, watoto wamengoja mpaka wamechoka."

Bi Mkono hakucheka. Alivua glovu, akaziweka mezani moja juu ya nyingine, akatoka.

Alifika shuleni adhuhuri, watoto wamelazwa. Jengo zima lilikuwa na ule ukimya wa watu wengi wanaovuta pumzi kwa pamoja. Akapita chini ya madirisha, akaingia bustanini. Majani ya karoti yalikuwa yamesimama vizuri, ya kijani, mistari sita kama alivyoambiwa. Lakini katikati ya mistari kulikuwa na wengine. Nyanya zilijipenyeza kila upande, nyembamba, zenye manyoya. Mipapai minane ilisimama bega kwa bega. Na mwisho wa mstari wa pili, kutoka tundu moja la ardhi, miche ya boga ilikuwa imetoka kwa pamoja, thelathini au arobaini, imebanana, imeinamisha shingo upande mmoja kama kundi lililoitwa likageuka kumtazama aliyeita. Baadhi yake ilikuwa bado imevaa maganda ya mbegu kichwani.

Alipiga goti. Aliyabandua maganda yale mawili matatu, akayatia kiganjani, akakumbuka boga.

Hakuhitaji mtu wa kumfasiria. Aliyeishi na marundo miaka kumi na mmoja anajua kwamba mbegu hufa kwenye moto wa rundo kabla ya vingi vingine. Mbegu ikiota, moto haukuja. Na moto usipokuja, yai la mnyoo nalo li hai, na kila kilichomo ndani ya vile vifurushi vilivyofungwa mara tatu ki hai, kimelala udongoni, kimeshikamana na karoti, kinangoja kesho. Hapakuwa na mwenyewe wa bustani. Alikuwapo yeye, aliyesema, "Limeiva."

Basi mkono wake ulikuwa umeshika nini?

Alirudi uwanjani karibu ya kukimbia. Shemeji alikuwa akila chini ya kibanda. Alimpita bila salamu. Mtaimbo ulikuwa umeegemezwa ukutani, kivulini, haujaguswa tangu juzi. Aliuweka mgongoni mwa mkono wa kulia. Ukamuunguza. Aliutumbukiza kwenye pipa la maji ya mvua, akahesabu hadi mia, akautoa ukichuruzika, akauweka tena. Ukamuunguza. Aliuacha ukaanguka, akauzamisha mkono wenyewe ndani ya pipa hadi kiwikoni, na maji yakamchemka vidoleni. Kisha, polepole, aliuingiza mkono wa kushoto kando yake. Maji yalikuwa baridi, baridi ya kutia ganzi. Akabaki ameinama juu ya pipa, mikono miwili ndani ya maji mamoja, mmoja ukimwambia moto na mmoja ukimwambia baridi, na uso wake mwenyewe ukimtazama kutoka chini.

Hakuna kitu kilichokuwa kimemfuata nyumbani. Alikuwa akitembea nacho.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "siku ile ulipoushika mtaimbo. Ulikuwa baridi?"

Shemeji aliacha kutafuna. "Ulikuwa baridi."

"Mara zote tano?"

"Zote."

"Ukanyamaza."

"Wewe ndiwe Bi Mkono," alisema shemeji. "Mimi nina nyayo."

Iko saa ambayo mja huachwa peke yake na lililo sahihi, na shetani huwa hana haja ya kupiga kelele. Bi Mkono alijua kwamba minyoo haiandikwi jina. Mtoto akiumwa tumbo baada ya mwezi mmoja, hakuna atakayeuliza rundo gani. Mipapai ingekatwa, maboga yangeng'olewa, lango lingebaki wazi na jina lingebaki jina. Na angesema, angefungiwa uwanja. Na mwanamke wa umri wake, asiyejua kazi nyingine ila ya mkono ambao sasa ni mwongo, angekwenda wapi? Alikaa na swali hilo kwa muda mfupi tu. Kisha akakitungua kipimajoto msumarini, akakifuta kwa upindo wa kanga, akarudi shuleni nacho, kama mshitakiwa anayekwenda na shahidi wa upande wa pili.

Watoto walikuwa wameamka. Mkamwana alimkuta langoni mwa bustani.

"Mama, leo mara mbili? Umekuja kumwona mpangaji wangu?"

"Mwanangu, karoti hizi zisiliwe."

"Ati?"

"Mboji ilikuwa mbichi. Nilikosea mimi. Rundo halikuwaka hata siku moja. Zing'oeni zote, na udongo wa juu urudi kwangu."

Mkamwana alisimama na jembe mkononi. Utani ulimtoka usoni kidogo kidogo. "Jana," alisema, "nilipunguza mstari wa kwanza. Zile karoti ndogo ndogo. Watoto watatu walikuwa hapa wananisaidia."

"Wamekula?"

"Unawajua watoto, Mama." Aliliweka jembe chini. "Wa kwetu ndiye aliyekula nyingi."

Waliita muuguzi wa zahanati siku ile ile. Watoto wote wa shule walipewa dawa ya minyoo, na wale watatu wakaangaliwa kila asubuhi kwa majuma matatu. Katika majuma hayo mkamwana hakumwita Mama; alimwita "wewe", naye aliitika. Kila alfajiri, kabla ya kufungua lango, Bi Mkono alisimama mlangoni mwa mwanawe, akasikiliza mtoto anavyopumua ndani, kisha akaenda zake bila kubisha. Mmoja wa wale watatu alipata kuhara siku mbili, akapona. Mjukuu hakupata kitu, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, ila alilia sana karoti zake zilipochukuliwa kwa mkokoteni.

Muuguzi ndiye aliyemwambia Bi Mkono habari ya mkono wake. Alimpima damu, akampa kiti kabla ya kumpa majibu. Ni sukari, imekula mishipa ya hisia miaka mingi, mmoja mmoja, ikianzia mkono uliochoshwa na tanuri, na mishipa inayokufa huweza kupiga mayowe ya moto mahali pasipo na moto. "Baadaye huenda mayowe yakanyamaza," muuguzi alisema, "hapo hutasikia chochote. Uanze dawa leo."

Bwana Sabuni alikuja na kufuli. Aliuzunguka uwanja, akaliweka kufuli juu ya meza ya bati katikati ya maganda, akaketi.

"Nilisema sitauliza kosa la nani," alisema.

"La kwangu," alisema Bi Mkono.

"La kwetu," alisema shemeji kutoka nyuma. "Mimi niliona baridi nikanyamaza."

Bwana Sabuni aliwatazama wazee wale wawili. "Nani aliyewaambia shule?"

"Mimi."

"Kabla mtoto hajaumwa?"

"Kabla."

Alilichukua kufuli, akalitia mfukoni. Aliagiza kwamba tangu siku hiyo mshale usomwe na watu wawili, mmoja asimwambie mwenzake alichosoma mpaka wote wawili wameandika kwa chaki ubaoni; na kwamba mboji ya uwanja ule isiende tena kwenye mimea inayoliwa mbichi. Iende kwenye miti na maua.

Udongo uliorudi, pamoja na karoti na mipapai na lile kundi la maboga, ulijengwa upya ukawa rundo. Safari hii walitia maranda magunia manne na majani makavu, wakaacha nafasi ya hewa chini. Alfajiri ya siku ya pili Bi Mkono alifungua lango akakuta kitu kirefu cheupe kimesimama mwisho wa safu, karibu na ukuta, pale ambapo kwa miezi hakikuwahi kusimama kitu. Alirudi nyuma hatua moja. Kisha upepo ukapita, kikapinda, na kingine kikatoka chini yake.

Mkamwana alikuja asubuhi ile na ndoo ya maganda, mara ya kwanza tangu siku ile. Aliitua mbali kidogo, akasimama akitazama rundo likifuka. Shemeji alikuwa amekwisha andika ubaoni upande wake, akaufunika kwa kofia. Bi Mkono aliandika upande wake. Kofia ikaondolewa: sitini na moja, na sitini na moja.

"Na mkono unasemaje, Mama?" mkamwana aliuliza.

Bi Mkono aliuweka mkono wa kulia juu ya mtaimbo uliotoka tumboni mwa rundo, ukifuka. Alingoja. Shemeji alimwona haondoi, akamshika kiwiko akaukwepua. Ngozi ilikuwa imekwisha kuwa nyekundu.

"Leo haukusema kitu," alijibu, akauingiza mkono ndani ya glovu.